Juha Asiyezeeka: Hadithi za Picha za Magazetini na Msomaji wa Kutulo

1. Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameshughulikia ushairi kwa undani, wameshughulikia riwaya na tamthilia, na katika miongo ya karibuni wamekubali kuigusa hata ile inayoitwa fasihi pendwa. Leo hakuna anayeona haya kuandika tasnifu kuhusu Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, riwaya iliyotoka mwaka 1965 na ambayo zamani ilionekana kuwa chini ya hadhi ya darasa la chuo kikuu. Lakini upo utanzu mmoja ambao bado umeachwa mlangoni, nao ni hadithi za picha za magazetini. Utanzu huu husomwa na watu wengi kila siku, tena kwa miaka mingi mfululizo, na hata hivyo wanataaluma wa idara zetu hawajaupa nafasi unayostahili. Walioutafiti kwa bidii ni wageni zaidi kuliko sisi. Rose Marie Beck na Jigal Beez, wataalamu wawili wa Ujerumani, wameandika juu ya historia na sanaa ya hadithi za picha za Kiswahili wakati ambapo sisi wenyewe tulikuwa tukiziruka ili tufike kwenye ukurasa wa mashairi.

Makala haya yanakusudia mambo mawili. Kwanza, kuichunguza hadithi ya picha iliyodumu kuliko nyingi katika Afrika Mashariki, yaani Juha Kalulu ya Edward Gitau, na kuuliza ni sifa gani za fani zilizoipa umri huo. Pili, kuuliza umri huo umenunuliwa kwa gharama gani. Mfano wa msomaji utakaotumiwa ni wa Kutulo, kituo kilichoko katika njia ya kutoka Wajir kwenda El Wak na Mandera, mahali ambapo mwandishi wa makala haya alijifunza kusoma Kiswahili. Mfano huu haukuchaguliwa kwa sababu ya mapenzi ya nyumbani tu. Msomaji anayeishi mbali sana na mtambo wa kuchapisha ndiye anayeipima kazi ya magazetini kwa kipimo kikali kuliko vyote.

Yafaa tuafikiane juu ya istilahi. Neno katuni limezoeleka kumaanisha mchoro mmoja wa kejeli, aghalabu wa siasa. Neno kibonzo limeenea zaidi Tanzania. Katika makala haya, hadithi ya picha ni kisa kinachosimuliwa kwa visanduku viwili au zaidi vinavyofuatana, wahusika wakisema kwa maneno yaliyoandikwa ndani ya viputo.

2. Umri wa utanzu

Hadithi za picha si jambo la jana katika lugha yetu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa likichapa visa vya picha katika miaka ya 1950, baadhi yake vikiwa ni matangazo ya bidhaa yaliyovishwa kanzu ya hadithi. Ni katika miaka hiyohiyo ya 1950 ambapo Edward Gitau alianza kumchora Juha Kalulu katika jarida la Tazama huko Kenya. Baadaye mhusika huyo alipata makao ya kudumu katika Taifa Leo, ambalo limekuwa gazeti la kila siku tangu mwaka 1960, na Gitau aliendelea kumchora kwa zaidi ya nusu karne.

Tanzania nayo ilipata wahusika wake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Christian Gregory alimleta Chakubanga katika gazeti la Uhuru. Miaka ya 1970 lilizuka jarida la Sani, ambalo jina lake linaunganisha silabi za majina ya waasisi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Humo ndimo wasomaji walimojuana na Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge na Pimbi. Kenya ilikuwa na jarida la Joe la Hilary Ng'weno na Terry Hirst, lililoandikwa kwa Kiingereza na kudumu kuanzia mwaka 1973 hadi 1979. Mwaka 2010 lilianza Shujaaz, linalosema Sheng na kugawiwa bure.

Ukiitazama orodha hii utaona kwamba majarida mengi yaliishi miaka michache kisha yakakoma au yakabadilika sura. Joe lilikuwa na wachoraji hodari na waandishi mahiri, lakini halikufikisha hata miaka kumi. Juha, aliyechorwa kwa mistari michache na kupewa pembe ndogo ya ukurasa, aliwashuhudia wote wakipita. Tofauti hii haielezwi na ufundi wa kuchora. Ni kweli kwamba kuegemea gazeti la kila siku kulimpa Juha ulinzi wa kifedha ambao jarida linalojitegemea halina. Lakini magazeti ya kila siku yamewafukuza wahusika wengi. Lazima pawe na sababu nyingine ndani ya kazi yenyewe.

3. Jina na ukoo wa mhusika

Sababu ya kwanza imo katika jina. Juha ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, na katika masimulizi ya Waarabu Juha ni mtu anayejulikana sana: mpumbavu ambaye upumbavu wake mara nyingi huwaumbua wenye akili. Kalulu ni jina la sungura katika lugha kadhaa za Kibantu za kusini na kati, kwa mfano Kichewa. Na sungura, kama ajuavyo kila aliyelelewa na bibi msimuliaji, ndiye mjanja wa wanyama wote. Kwa hiyo jina zima ni mgongano: mpumbavu ambaye ni mjanja, au mjanja aliyezaliwa mpumbavu. Nusu moja ya jina imetoka ng'ambo ya bahari na nusu nyingine imetoka bara. Hivyo ndivyo Kiswahili chenyewe kilivyo.

Mgongano huo ni mtaji mkubwa kwa mtunzi wa kila siku. Mhusika aliye mjanja tu angemchosha msomaji katika mwaka wa kwanza, maana tungejua daima kuwa atashinda. Mhusika aliye mpumbavu tu angechosha mapema zaidi. Juha Kalulu humwachia mtunzi milango miwili wazi: leo ameumbuka, kesho amemwumbua mwingine, na msomaji hawezi kutabiri kabla ya kukifikia kisanduku cha mwisho.

Yatupasa pia kutambua kwamba mhusika wa namna hii hana kabila moja. Mtu wa Pwani akimwona Juha humkumbuka Abunuwasi. Mtu wa bara humkumbuka sungura wa hadithi. Sisi wa Kutulo, ambao lugha yetu ya mama ni Kisomali, tulimkumbuka Igal Shidad, yule mwoga mashuhuri wa masimulizi yetu ambaye hukimbia hata kivuli na bado maneno yake hayakosi hekima. Nilipokuwa mtoto sikuhitaji kuelezwa Juha ni nani. Nilidhani ni Igal Shidad aliyehamia Nairobi na kuvaa suruali. Wakati huo wazee wetu walikuwa bado wakisema kwamba fulani "amekwenda Kenya" wakimaanisha amesafiri kwenda Nairobi, kana kwamba Kutulo kulikuwa nje ya nchi. Basi Juha alikuwa kwetu Mkenya wa kwanza ambaye tulimwelewa bila mkalimani.

4. Kisa kisicho na jana

Sababu ya pili ni ya muundo. Kila kipande cha Juha Kalulu ni kisa kizima: kinaanza, kinapinda, kinakwisha, tena katika visanduku vichache. Msomaji hatakiwi kukumbuka kipande cha jana wala kusubiri cha kesho. Muundo huu nitauita kisa kisicho na jana.

Huenda mhakiki wa mjini akauona muundo huu kuwa ni udhaifu, akisema kwamba hauna ukuaji wa wahusika wala mtiririko wa matukio. Mhakiki huyo hupata gazeti lake kila asubuhi. Kutulo ya utoto wangu ilipata gazeti kwa namna nyingine. Lilikuja na basi au lori, likiwa limechelewa kwa siku kadhaa, na mara nyingi halikuja kama gazeti bali kama karatasi ya kufungia sukari na majani ya chai dukani kwa abti yangu, yaani mjomba. Tulisoma kipande cha Jumanne ya mwezi uliopita, kisha wiki tatu baadaye tukapata cha Ijumaa ya mwezi wa kabla yake. Riwaya ya mfululizo haiwezi kuishi katika mazingira hayo, kwa kuwa msomaji atakosa sura tano kwa kila sura atakayopata. Juha aliishi. Kisa chake kilifika kizima hata kilipofika kimekunjwa na kina harufu ya chai.

Nilipokwenda Japani kusomea shahada ya uzamili niliona kwamba muundo huu haukuwa wetu peke yetu. Machiko Hasegawa alimchora Sazae-san magazetini kuanzia mwaka 1946 hadi 1974 kwa visa vifupi vilivyojitosheleza. Osamu Akimoto alichora kisa cha polisi mkorofi wa mtaa mmoja wa Tokyo, maarufu kwa jina la Kochikame, katika jarida la kila wiki kuanzia mwaka 1976 hadi 2016, naye polisi huyo hakuzeeka katika miaka hiyo 40. Linganisha na Barefoot Gen ya Keiji Nakazawa, iliyoanza mwaka 1973 katika jarida lilelile la Shonen Jump. Hiyo inasimulia habari za mtoto aliyenusurika bomu la Hiroshima la mwaka 1945. Gen anakua, anazika watu wake, anakumbuka. Na kwa sababu anakumbuka, hadithi yake ililazimika kufika mwisho, nayo ilikoma katika miaka ya 1980. Tunaweza basi kuiweka kanuni hivi: hadithi ya picha inayobeba kumbukumbu ndani ya mhusika wake ina mwisho, na ile inayotaka kuishi bila mwisho lazima imnyang'anye mhusika wake kumbukumbu.

5. Lugha na picha

Kabla ya kuitazama gharama ya kanuni hiyo, tuitendee haki faida ambayo mwalimu wa lugha hawezi kuipuuza. Hadithi ya picha ndiyo makao halisi ya tanakali za sauti katika maandishi. Vitabu vyetu vya sarufi huziorodhesha kama kwamba ni vipepeo vilivyokaushwa: anguka pu, tumbukia chubwi, lala fofofo. Mwanafunzi hukariri orodha akaijibia mtihani. Katika hadithi ya picha, neno pu limeandikwa pale mtu anapofika chini, nalo hubeba kazi ya kitenzi, kielezi na mchoro kwa pamoja.

Kwa msomaji ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza, jambo hili lina uzito wa pekee. Kisomali hakina sauti p, wala v, wala z. Darasani kwetu Juha hakuanguka pu, alianguka bu, na hakuna aliyekosa kuelewa kwa kuwa mchoro ulikuwa umekwisha kusema. Kisomali pia hakina mfumo wa ngeli kama ule wa Kibantu, bali hugawa nomino kwa jinsia mbili. Mtoto anayeuliza kwa nini ni kiti hiki lakini ni jiti hili hapati jibu katika kamusi. Lakini akiona mhusika ananyoosha kidole kuelekea kitu na neno limeandikwa juu yake, upatanisho huingia kwa njia ya jicho.

Jarida la Shujaaz, pamoja na sifa zake zote, haliwezi kuchukua nafasi hiyo. Sheng ni mali ya kijana wa mjini aliyekwisha kuwa na Kiswahili na sasa anakichezea. Mtoto wa Kutulo hana budi kukipata Kiswahili kwanza kabla ya kukichezea. Kiswahili cha Juha, ambacho ni sanifu cha gazetini lakini kimechangamshwa na vihisishi kama lo, ala, ebo na kumbe, kilikuwa ngazi iliyoanzia chini.

Nina ushahidi wa hilo. Katika shule moja ya msingi ya huko, mwalimu wetu wa Kiswahili, aliyetoka mkoa mwingine, alikuwa akikata vipande vya Juha kutoka katika karatasi za dukani na kuvibandika katika daftari kwa gundi ya unga. Vilikuwa zaidi ya 40. Daftari hilo lilikuwa kitabu chetu cha ziada, na kwa muda mrefu lilikuwa kitabu pekee ambacho hatukulazimishwa kukisoma.

6. Gharama ya kudumu

Sasa tuje kwenye gharama. Mhusika asiye na jana hawezi kubeba yaliyotokea jana. Eneo letu lina jana nyingi. Lilifungwa kwa sheria za kikoloni za mwaka 1926 na 1934 zilizomtaka mtu awe na kibali ndipo aingie au atoke. Likaishi chini ya sheria za hali ya hatari tangu miaka ya 1960 hadi 1991. Februari 1984 wanaume wa Wajir walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, na wengi hawakurudi. Katika kisa cha visanduku vichache ambacho kesho kitaanza upya, msiba wa namna hiyo hauna pa kukaa. Sisemi kwamba mtunzi alikosa huruma. Nasema kwamba muundo alioutumia hauna chumba hicho. Kicheko kinachorudi kila asubuhi hudai kwamba usiku haukuacha kitu.

Hoja hii si ya zamani tu. Tarehe 22 Novemba 2014 abiria 28 wa basi lililotoka Mandera waliuawa, walimu wakiwamo. Januari 2020 walimu watatu waliuawa huko Kamuthe, Garissa, na baada yake Tume ya Kuwaajiri Walimu iliwaondoa walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Waliofundisha Kiswahili kwetu walikuwa aghalabu miongoni mwa hao wasio wenyeji. Nilipokwenda nyumbani mwaka huo nilikuta daftari la Juha lingali lipo, mchwa wamelila pembeni, na kijana aliyemaliza kidato cha nne akiwasomea nalo watoto wa darasa la tano. Hapakuwa na mwalimu. Palikuwa na Juha.

Nililishika daftari lile kwa furaha, kisha nikaona kasoro ambayo utotoni sikuiona. Mwalimu alikuwa amebandika vipande kadiri alivyovipata. Karibu vyote havikuwa na tarehe. Kisa kimoja kimoja kilikuwa kizima na kilichekesha kama zamani, lakini sikuweza kusema kipi kilitangulia kipi.

Hapo ndipo nilipoielewa Kochikame upya. Polisi yule hakuzeeka, lakini mtaa wake ulizeeka: simu zilibadilika, michezo ya watoto ilibadilika, bei zilipanda. Kumbukumbu iliyokosekana kwa mhusika ilikuwa imekimbilia nyuma yake, katika mandhari. Wajapani wanaweza kuiona kwa sababu kazi hiyo imekusanywa kwa mfuatano katika vitabu 200. Nadai kwamba ndivyo ilivyo kwa Juha pia. Kazi hii ina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni kisa cha siku moja, nayo ndiyo iliyofika Kutulo na kufanya kazi yake bila msaada wa mtu. Nusu ya pili ni mfululizo mzima wa miongo, ambamo miji, mavazi, nauli na maneno yenyewe ya Kiswahili yanabadilika nyuma ya mtu asiyebadilika. Nusu hii ya pili haionekani katika kipande chochote kimoja. Huonekana pale tu vipande vinapopangwa kwa tarehe.

7. Hitimisho

Kutokana na hayo, si sahihi kuona ukusanyaji wa hadithi za picha kuwa ni kazi ya mtunza maktaba, ambayo mhakiki huisubiri imalizike ndipo aanze yake. Katika utanzu huu, kukusanya ni sehemu ya kusoma. Anayehakiki Juha Kalulu kwa kutegemea vipande anavyovikumbuka amehakiki nusu moja, na ile nusu kwa asili yake haina historia. Makala haya yenyewe yana upungufu huo, kwa kuwa msingi wake ni daftari la mwalimu na kumbukumbu za msomaji mmoja.

Kazi yenyewe inawezekana. Maktaba ya McMillan mjini Nairobi ina majalada ya magazeti ya zamani, na sheria ya Kenya imewataka wachapishaji wa magazeti wawasilishe nakala serikalini. Wanafunzi wa shahada ya kwanza huandika kila mwaka miradi ambayo hakuna aisomaye baada ya kusahihishwa. Kila mmoja akipewa mwaka mmoja wa Taifa Leo, anakili vipande vyote, aandike tarehe, msamiati mpya na vitu vinavyoonekana katika mandhari, idara moja inaweza kuipata nusu ya pili ya Juha katika muda mfupi kuliko inavyodhaniwa. Idara za Dar es Salaam zinaweza kuwafanyia hivyohivyo Chakubanga na wahusika wa Sani. Mtunga kamusi atapata humo tarehe za kuzaliwa kwa maneno. Mwanahistoria atapata bei za vitu. Mhakiki atapata kazi ya sanaa iliyotungwa kwa zaidi ya nusu karne na mkono mmoja, jambo ambalo hakuna riwaya yetu inayoweza kujivunia.

Na Kutulo? Nilinakili daftari lile lote kabla ya kuondoka, nikaliacha pale lilipokuwa. Watoto wale hawahitaji tarehe ili wacheke na wajifunze kusema chubwi. Tarehe ni deni letu sisi tulioajiriwa kusoma.